Wesley Willis hasikilizwi wimbo mmoja

Ukimtaja Wesley Willis, mwanamuziki wa Marekani, mbele ya wapenzi wa panki (muziki, si ule mkato wa nywele), utakutana na makundi mawili. La kwanza litacheka, litaimba kipande cha ule wimbo wake kuhusu McDonald's, na habari imeishia hapo. La pili litanuna: yule alikuwa mgonjwa, litasema, na vijana wa Kizungu wa vilabuni walimgeuza kichekesho. Mimi nayapinga yote mawili, ingawa hilo la pili nalielewa zaidi.

Willis alizaliwa Chicago mwaka 1963. Pande la mtu, urefu wake unapita futi sita. Watu wa mjini walimjua kwanza kwa michoro: alikuwa akikaa mtaani na kalamu zake za wino, akichora barabara kuu ya Dan Ryan, mabasi, treni na maghorofa, mstari kwa mstari, kisha akiwauzia wapita njia. Mwaka 1989 madaktari walisema ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Zile sauti za kichwani yeye aliziita mapepo, na akayapa majina. Muziki ukimkolea, alisema yuko kwenye safari ya basi ya raha. Mapepo yakidandia njiani, safari inageuka ya jehanamu. Matusi yaliyojaa katika baadhi ya nyimbo zake alikuwa akiyatukanisha hayo mapepo, yachefuke yaondoke. Mtu anayecheka matusi yale bila kujua yanaelekezwa kwa nani amekosa nusu ya wimbo.

Kinanda chake kilikuwa cha Technics, cha aina ile unayobonyeza kitufe nacho kikapiga midundo chenyewe. Juu ya midundo hiyo Willis hakuimba sana, alitangaza. Katika kiitikio alilikariri jina la wimbo kwa sauti ya kupotoka tuni, na mwisho, karibu kila mara, ikaja salamu yake ya rock kwa London na Chicago, ikifuatwa na kaulimbiu ya tangazo la biashara. Wimbo wa pili hivyohivyo. Wa kumi hivyohivyo. Alitoa albamu zaidi ya 50, na sitajifanya nimezimaliza.

Lakini sikiliza ishirini mfululizo. Nyingi zinahusu bendi alizoziona jukwaani: ilipiga ukumbi gani, watu walikuwa wangapi, umati ulingurumaje. Bendi kubwa na bendi isiyojulikana hata mtaa wa pili zinapewa wimbo uleule, heshima ileile. Hapo ndipo nilipomwelewa. Alikuwa akiandika daftari la mahudhurio la vilabu vya Chicago, kama alivyochora kila dirisha la ghorofa bila kuruka hata moja. Kurudiarudia kwake ndiyo kazi yenyewe. Ukimpunguza akabaki wimbo mmoja wa kuchekesha, ni kama kukata dirisha moja kwenye mchoro ukalitundika ukutani.

Kuhusu kunyonywa: ndiyo, wapo waliolipa kiingilio ili kumtazama mwehu. Siwatetei. Ila Jello Biafra, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya panki ya Dead Kennedys, ambaye lebo yake ya Alternative Tentacles ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Willis mwaka 1995, alikuwa shabiki wa kweli, na mwaka uliofuata American Recordings, lebo ya mtayarishaji muziki Rick Rubin, ikatoa albamu mbili za Willis. Tena Willis alikuwa mchuuzi hodari wa kazi zake mwenyewe. Kumwita mtu wa namna hiyo mwathirika tu ni kumpokonya kazi yake mara ya pili, safari hii kwa huruma.

Salamu yake ilikuwa kukugonga paji la uso kwa paji lake, si mara moja, huku akikuamuru utamke “rock”. Aliwagonga wengi hadi akaota sugu, palepale ambapo wacha Mungu wengine hupata alama ya sijida. Huwezi kumcheka kwa mbali mtu aliyekushika kichwa.

Alifariki Agosti 2003 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 40. Ukitaka kumjaribu, uache kwanza ule wa McDonald's. Tafuta wimbo kuhusu bendi ambayo hujawahi kuisikia, halafu uache unaofuata ujipige wenyewe.