Digrii ya haki za binadamu na mlango wa mahakama

Kijana aliyetoka kidato cha sita na HKL yake nzuri (Historia, Kiswahili na Kiingereza) akitamka kwamba chuoni anataka kusoma haki za binadamu, swali la sebuleni huwa moja: "Ukimaliza utakuwa nani?" Linaudhi, ila si la kipuuzi. Mwenzake wa sheria analo jibu. Akipata shahada atakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, akifaulu ataapishwa kuwa wakili. Mwenye shahada ya haki za binadamu peke yake njia hiyo haimhusu, hata kama Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 anaujua ibara kwa ibara kuliko wakili yeyote.

Na mlango wa mahakama si mdogo. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria, alishinda Mahakama Kuu ya Tanzania alipopinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyomruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa idhini ya mahakama. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Kwa anayetaka kutetea watu, huo ni ushahidi mzito kwamba asome sheria.

Ila tazama kilichofuata. Mahakama ya Rufani imeshasema, na bado miaka ikapita bila Bunge kuvibadili vifungu hivyo. Kilichokwama hapo wakili hakikwamui kwa hoja za mahakamani. Kinahitaji mtu wa kukaa na wazazi waliokwisha kupokea mahari, wa kuzungumza na mashehe na wachungaji kwa lugha yao, wa kukusanya takwimu ambazo mbunge hawezi kuzikwepa. Shahada ya sheria, ambako haki za binadamu mara nyingi ni somo moja kati ya mengi, haimfundishi mtu hayo. Shahada ya haki za binadamu inaweza, ikifundishwa vizuri.

Tena fani hii haikuwa mali ya mawakili tangu mwanzo. Kamati iliyoandika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 iliongozwa na Eleanor Roosevelt, ambaye hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Charles Malik wa Lebanoni alikuwa mwanafalsafa; Peng Chun Chang wa China, mwalimu na mwandishi wa tamthilia. (Wanasheria walikuwamo, tusiwapunje.)

Hofu yangu ni shahada inayomwacha kijana na msamiati tu: uwezeshaji, ushirikishwaji, utetezi. Maneno ya semina. Akienda kuomba kazi kwenye shirika, anakutana na mwenye takwimu, mwenye uhasibu na mwenye sheria, na kila mmoja ana kitu mkononi. Ndiyo maana naona busara katika mtindo wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, wa kuioanisha haki za binadamu na sheria, siasa au falsafa katika shahada ya kwanza. Pasipo na mwoano wa namna hiyo, ningemshauri kijana asome sheria, takwimu au ustawi wa jamii kwanza, haki za binadamu aziweke kwenye shahada ya pili, kama wafanyavyo wengi wanaokwenda Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini.

Akinikatalia, basi kabla ya kujaza fomu aombe orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, ahesabu ni mangapi yanamtoa darasani.