Marashi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hana imani na marashi ya dukani. Kazaliwa Unguja, kakulia Unguja, na ijapokuwa anakaa Muscat, Oman, tangu mke wangu hajazaliwa, kila chupa ya marashi ikiingia nyumbani lazima aifungue, ainuse, aifunge, kisha atoe hukumu: "Maji." Hata iwe imefungwa utepe wa dhahabu, maji.

Basi Aprili ilipofika na watu wakaanza kurushiana picha za mawaridi ya mlima wa Jabal Akhdar kwenye simu, nilijua safari imeshapangwa na dereva ni mimi. Sikuulizwa. Nilimsikia tu akimwambia mke wangu, kwa sauti ya kunifikia nilipo: "Mwambie mumeo ajaze mafuta." Na mkwe hajibiwi. Nikajaza mafuta.

Mlima ule haupandwi na gari yoyote tu. Ukishapita Birkat al-Mawz, mji ulio chini yake, unakuta kizuizi cha polisi, na kama gari yako haivuti magurudumu yote manne, unageuzwa hapohapo. Yangu ni ya kwendea sokoni. Ikabidi niazime ya shemeji, kaka yake mke wangu, mtu ambaye viti vya gari yake bado vimevaa nailoni za dukani. Aliponipa ufunguo alinipa sharti moja: tusile ndani. Nikamuapia.

Njia inapanda, inapinda, inapanda tena, mpaka uwanda wa Saiq, yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Joto la Muscat mnaliacha chini kama mzigo aliosusa mchukuzi. Ukifungua kioo, baridi. Mama akajitanda kanga juu ya baibui na kusema hii ndiyo hali ya hewa ya binadamu.

Mawaridi huchanua kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, kwenye matuta ya mawe yaliyoshikilia ukingo wa korongo, katika vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah, na maji ya falaj, mifereji ya kumwagilia, yanapita katikati yake yakinong'ona. Msimu huo watu huja kwa makundi, ni sherehe isiyo na jukwaa. Lakini wachumaji hutoka alfajiri, kabla jua halijaiba harufu. Sisi tulifika saa nne. Mawaridi yaliyobaki mtini yalikuwa machache kuliko watu waliokuja kuyapiga picha. Nilimwona bwana mmoja amesimama foleni, kwa adabu kabisa, akingojea ua.

Mke wangu akataka twende tukaone pale ukingoni alipowahi kusimama Diana wa Uingereza, mwaka 1986.

"Alinunua marashi?" akauliza mama.

"Sijui, mama."

"Basi alikuja kufanya nini?"

Tukaenda kwenye tanuri ya marashi.

Hapo sitasema uongo, nilisahau hata kuchoka. Chumba kidogo cheusi kwa masizi, ukuta mzima ni tanuri ya udongo yenye matundu, na kila tundu lina chungu. Mzee anashindilia petali chunguni, juu yake anaweka bakuli la shaba, halafu anafunika kwa chombo kingine kilichojaa maji ya baridi. Moto ukiwaka, mvuke unapanda, unagonga kitako cha baridi, unadondoka bakulini tone kwa tone kwa saa kadhaa. Wengi siku hizi wamehamia kwenye gesi na mitambo. Huyu bado anachochea kuni, na marashi yake yanatoka na rangi ya chai iliyopauka, yananukia waridi na moshi pamoja.

Mama akanusa. Akafumba macho. Hakusema "maji".

Mzee akaeleza kwamba haya ndiyo kwanza yametoka, lazima yakae wiki kadhaa masizi yatulie, achukue yale ya chupa yaliyokwisha tulia. Mama akamjibu kwa Kiarabu chake cha Malindi ya Unguja kwamba yatatulia Muscat. Kisha akatoa, sijui wapi ndani ya lile baibui, dumu tupu la lita tano lililokuwa la mafuta ya kupikia. Mzee akanitazama mimi. Mimi nikatazama korongo.

Dumu likajazwa, bado vuguvugu. Nyuma kwenye buti akakataa lisiwekwe, litaibiwa. (Na nani, mama, tuko safarini? Hilo nililisema moyoni.) Akakaa kiti cha nyuma, dumu kaliegemeza katikati ya viti viwili vya mbele, kalishika kwa mkono mmoja, mwingine una tasbihi.

Kushuka mlima ule ni gia nzito mwanzo mwisho, na pembeni wamechimba njia za changarawe za kuyaokoa magari yaliyokatika breki. Kwenye kona moja mbuzi akajitokeza. Nikakanyaga. Mbuzi akapona. Mkono wa mama ukaenda kwenye tasbihi, dumu likaja mbele, kifuniko kikaruka, na lita tano za marashi zikanimiminikia mapajani, zikajaza kiti, zikapita chini ya nailoni ya shemeji na kukaa humo.

Nilisimama pembeni. Upepo wa mlimani, suruali ya jinzi imeloa mpaka kwenye soksi, meno yanagongana. Mke wangu kajikunja kwa kicheko, hana msaada. Mama akashuka, akalitikisa dumu, akaona limebaki na kikombe hivi, akavuta pumzi. Kisha akavua kanga yake mabegani akanipa huku kageuza uso.

"Jifunge hii, baba. Utakuja kufa na marashi yangu."

Nikabadilisha nyuma ya jiwe. Suruali tukaibana na kioo cha nyuma ikapepea kama bendera.

Pale kizuizini, wanaoshuka kwa kawaida hupungiwa mkono tu. Sisi tulisimamishwa, suruali nadhani ndiyo iliyotuponza. Polisi kijana akainama dirishani, harufu ikampiga, akarudi nyuma hatua moja, akaomba leseni. Leseni imo kwenye suruali. Akashusha macho mapajani kwangu, pale maandishi ya kanga yalipojitandaza wazi chini ya usukani. Midomo yake ikaanza kucheza. Kisha, kwa Kiswahili safi cha nyumbani kwa bibi yake:

"Sisi sote abiria, dereva ni Mungu."

Akaniangalia.

"Sasa kama dereva ni Mungu, wewe hapo ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma:

"Huyo utingo, mwanangu. Mruhusu apite, kaloa."

Alicheka mpaka akashikilia mlango. Akamwita mwenzake, akamsomea, akamfafanulia kwa Kiarabu, naye akacheka upya, na magari nyuma yetu yanapiga honi.

Shemeji nimemrudishia gari yake imeoshwa, na ndani hatukula hata karanga. Lakini hanisemeshi vizuri. Anasema kila anayempa lifti akishakaa kitini hunyamaza kidogo, halafu anamuuliza kwa upole nani kafariki.