Acheni kuizungusha arei ya JSON kwa WHILE

Bado prosija za MySQL (programu ndogo zinazohifadhiwa ndani ya hifadhidata) zinaandikwa hivi zinapopokea arei ya JSON, yaani orodha ya data ndani ya mabano ya mraba, kupitia kigezo p_bidhaa: kihesabio i kinaanza na 0, JSON_LENGTH inatoa idadi, kisha WHILE inachomoa kipengele kimoja kimoja kwa JSON_EXTRACT(p_bidhaa, CONCAT('$[', i, '].id')), na kila mzunguko una INSERT yake ya kuingiza data kwenye jedwali. Arei ya vipengele 5,000, INSERT 5,000. Halafu lawama anabebeshwa seva!

Jamani, JSON_TABLE ipo tangu MySQL 8.0. Inaigeuza arei nzima kuwa safu mlalo kwa mkupuo mmoja:

INSERT INTO agizo_bidhaa (agizo_id, namba, bidhaa_id, idadi)
SELECT p_agizo, j.namba, j.id, j.idadi
FROM JSON_TABLE(p_bidhaa, '$[*]' COLUMNS (
  namba FOR ORDINALITY,
  id INT PATH '$.id' ERROR ON EMPTY ERROR ON ERROR,
  idadi INT PATH '$.idadi' DEFAULT '1' ON EMPTY
)) AS j;

Hiyo AS j si pambo. Bila jina MySQL inagoma. FOR ORDINALITY inahesabu kuanzia 1, ilhali $[0] ndicho kipengele cha kwanza, kwa hiyo usizichanganye. Na usipoandika ERROR ON EMPTY, kipengele kisicho na id kinakupa NULL kimyakimya.

Kasi ni nusu tu ya ubishi wangu. Kitanzi kina mitego. JSON_EXTRACT ikitua kwenye kigeu cha VARCHAR, "A12" inaingia na alama zake za nukuu, na ulinganisho wako unashindwa bila kosa lolote kuonekana. Basi unaongeza JSON_UNQUOTE, na null ya JSON inakuwa neno 'null' la herufi nne. IS NULL haitaikamata hata kabla ya hapo, maana null ya JSON si NULL ya SQL. Tena kigezo kikiwa TEXT badala ya JSON, kila mzunguko unachanganua matini yote upya.

Wapo pia mafundi wanaofuta mabano ya arei kwa REPLACE kisha wanaita FIND_IN_SET, inayotafuta thamani katika orodha iliyotenganishwa kwa mkato. Hongera zao, mpaka thamani moja ije na mkato ndani yake.

Haya, nakubali shingo upande: kama kila kipengele lazima kipite kwenye CALL ya prosija nyingine, au umekwama kwenye MySQL 5.7, zungusha. Ila kigezo kiwe JSON.

PostgreSQL hawana kisingizio: jsonb_array_elements pamoja na WITH ORDINALITY, kazi imekwisha. Kwenye SQL Server ni OPENJSON, tangu toleo la 2016, na hifadhidata iwe na kiwango cha upatanifu 130 au zaidi. Humo angalieni safu wima ya key: ni nvarchar, si namba. Ukipanga kwa key hiyo, majaribio yenye vipengele 10 yanapita vizuri. Cha 11, chenye key '10', kinaruka foleni na kukaa mbele ya '2'. Andikeni ORDER BY CAST([key] AS int).