Kifuniko cha Tangi

Gari langu sina ugomvi nalo. Breki zinashika, taa zinawaka, na yule mama wa Kijapani anayeishi ndani ya dashibodi bado ananisemesha kila asubuhi nikiwasha. Miaka minne sasa sijui ananiambia nini. Jirani anadai anaulizia kadi ya kulipia barabara za kwao. Mimi humjibu "salama, mama," tukaondoka.

Kilichonitoa jasho ni kifuniko cha tangi. Si injini, si giaboksi, magonjwa ya watu wazima ambayo hata ukiyalalamikia unaonewa huruma. Ni kile kibati cha ukubwa wa kisahani cha chai, kule nyuma ubavuni.

Na siku kiliyoichagua kugoma sasa! Mnaijua tarehe 14 ya Nairobi. Kila mwezi siku hiyo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, wanatangaza bei za mafuta, na saa sita usiku bei mpya inaanza kazi. Tangu ile Oktoba ya 2023 petroli ilipofika shilingi 217 kwa lita, mimi tarehe hiyo sifanyi mzaha nayo. Nikisikia imepanda, natoka nyumbani na ndara zangu, chakula kikipoa mezani.

Basi nikapanga foleni Barabara ya Jogoo. Saa nne na nusu usiku ikafika zamu yangu.

"Ya ngapi, mzee?" kijana wa pampu akauliza.

"Jaza!"

Nilisema kwa sauti, wa nyuma wasikie. Siku nyingine zote mimi ni mtu wa kunong'ona "weka ya mia tano."

Nikainama, nikavuta kile kishikio cha kando ya kiti. Kak.

"Fungua, mzee."

"Nimefungua."

"Haijafunguka."

Nikavuta tena. Kak. Nikatoka mbio kwenda nyuma, nikakidukua kwa kucha. Kimya. Nikarudi mbio, kak, nikatoka tena, ndara moja ikabaki chini ya pampu. Honi zikaanza. Foleni ya tarehe 14 haina jamaa wala shemeji.

Mara watu wakashuka kwenye magari yao, na kumbe wote mafundi! Kijana wa bodaboda, ambaye chombo chake tangi liko mapajani na hakijui shida hizi, akaniambia nikipigepige kwa kiganja polepole, kama mtu anayemcheulisha mtoto. Nikapigapiga. Mama mmoja akanipa kadi yake ya benki nikipenyeze: "Itumie tu, haina kitu." Mzee wa tai akataka kujua kama nimesoma kitabu cha gari. Kitabu ninacho. Kimeandikwa Kijapani.

Hapo hasira ikanipanda. Nikashika kishikio kwa mikono miwili, nikakanyaga mlango, nikavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Kikalegea chote, kikaning'inia kama ulimi wa mbwa saa nane mchana. Nikarudisha kadi ya mama, nikaokota ndara yangu, nikaondoka foleni nzima ikinitazama. Saa sita ilinikuta kitandani macho wazi, nikisikia bei ikipanda.

Asubuhi sindano ya geji ilikuwa imelala. Nikajikokota hadi Kariobangi kwa fundi, kijana wa ovaroli ambayo zamani ilikuwa ya buluu. Aliniacha nieleze mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Ulipokuwa unadukua, nani alikuwa anavuta?"

"Mimi."

"Na nani alikuwa anadukua?"

"Si mimi?"

Akacheka mpaka akaweka spana chini. Kumbe mambo yenyewe ni hivi: kishikio kinavuta waya, waya unapita chini ya zulia mpaka nyuma, unachomoa kipini kinachokishika kifuniko. Kipini kikichomoka, kispringi bapa ndiyo inakisukuma kifuniko nje. Springi yangu ilikuwa imezeeka, haisukumi. Kwa hiyo kila nikivuta, kipini kilitoka kweli, kifuniko kikabaki kimekaa palepale. Nikiachilia kishikio nikimbilie nyuma, kipini kinarudi nyumbani. Yaani usiku ule nilifungua tangi mara kumi na kulifunga mara kumi. Ingetosha yule mama adukue kwa kadi yake isiyo na kitu wakati mimi nimeshikilia kishikio. Ugonjwa ulikuwa springi. Waya niliukata mwenyewe.

"Leta 3,500," akasema, "tung'oe kiti, tung'oe zulia, tupitishe waya mpya."

Nikamwangalia. Akaniangalia.

"Au kuna ile njia ya 300."

Hiyo ndiyo lugha yangu. Akafungua buti, akabandua plastiki ya ubavuni kwa bisibisi, akatumbukiza mkono hadi begani kama daktari wa ng'ombe, akapapasa, akavuta, nami huku nje nikadukua kwa kucha. Tak! Kifuniko kikafunguka, hakina hata aibu. Akakunjua springi kidogo kwa plaisi, akapaka grisi, kisha akafunga kamba nyekundu ya kiatu kwenye kile kipini na kuichomoza nje ya plastiki. Kiatu kilikuwa cha nani sikuuliza.

Sasa kila nikiingia kwenye pampu, mwanangu wa gredi ya tatu anageuka kwenye kiti cha nyuma, anainamia buti na kuvuta kamba. Akikosekana nashuka mwenyewe, nafungua buti, nasogeza gunia la viazi, navuta mbele ya watu. Kwa hiyo namchukua kila mahali. Mwanzoni kazi hiyo aliifanya kwa mapenzi. Baadaye tukakubaliana andazi moja kwa kila tangi.

Juzi jioni tulikuwa tunatazama habari pamoja, bei zinatangazwa. Akasikiliza vizuri, akanigeukia. Kuanzia saa sita usiku, akasema, ni maandazi mawili na chai ya maziwa.

Nikatoka na ndara zangu kumtafutia andazi la bei ya zamani kabla duka halijafungwa.