Anthony Quinn aliukimbia Umexico?

Ukizuka mjadala wa nani ana haki ya kumwigiza nani, jina la Anthony Quinn, mwigizaji wa Hollywood, halikosi kutajwa, na siku hizi hutajwa kama mshtakiwa. Alizaliwa Chihuahua, Mexico, mwaka 1915, akakulia Los Angeles, lakini watu wanamkumbuka kama Zorba Mgiriki, Auda yule Mbeduini wa filamu ya Lawrence of Arabia, Omar Mukhtar wa Libya, na Hamza, ami yake Mtume, katika The Message. Waislamu wengi wakisikia jina la Hamza, sura inayowajia ni ya Quinn. Shtaka lenyewe lina vipande viwili: kwamba alikalia nafasi za wenyewe, na kwamba aliukana Umexico wake ili apate ulaji.

Hicho cha pili ndicho kinachoniudhi. Wanasema alijificha nyuma ya jina la Kiayalandi. Jina hilo ni la baba yake. Alizaliwa Antonio Rodolfo Quinn Oaxaca, hakulitunga. Wanasema hakuwaigiza Wamexico. Aliwaigiza: katika The Ox-Bow Incident ya 1943 ni Mmexico anayenyongwa na umati kwa mauaji ambayo hayakutokea kabisa, na mwaka 1955 alikuwa ndiye matador (mpigana na mafahali) wa Kimexico katika The Magnificent Matador. Mwaka huohuo wa 1943, vijana 17 wa Los Angeles, karibu wote wa asili ya Mexico, walitiwa hatiani katika kesi ya mauaji iliyoitwa Sleepy Lagoon. Quinn alijiunga na waliochangisha fedha za kuwatetea, wakati ambapo kuwa upande huo kulitosha mtu kuitwa mkomunisti. Hukumu ikafutwa mwaka 1944. Anayekimbia kwao hafanyi hivyo.

Halafu kuna Viva Zapata! ya 1952. Steling, yaani Emiliano Zapata mwenyewe, kiongozi wa Mapinduzi ya Mexico, alipewa Marlon Brando, Mzungu wa Nebraska, akatiwa rangi na kubadilishwa umbo la macho. Quinn, aliyezaliwa mapinduzi hayohayo yakirindima, akapewa kaka yake Zapata. Wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar. Brando alitoka mikono mitupu, Quinn akaondoka na ya mwigizaji msaidizi, na miaka michache baadaye akaongeza ya pili kwa kumwigiza mchoraji Gauguin.

Tuzo hiyo ya pili alikabidhiwa 1957. Ilipita miaka 57 ndipo mzaliwa mwingine wa Mexico akashinda Oscar ya uigizaji, na huyo ni Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyezaliwa Mexico City baba yake akifundisha huko. Hesabu hii hainitoki kichwani. Katikati hapo Salma Hayek aliteuliwa akakosa, Demián Bichir naye hivyohivyo. Nchi yenye sinema kongwe, iliyopakana na Marekani, yenye mamilioni ya watu wake ndani ya California yenyewe, ilisubiri zaidi ya nusu karne, na aliyeukata ukame huo ni Mjaluo. (Mwaka ule wa 2014 Wakenya na Wamexico waligombea nani amdai, wote walikuwa na haki.) Hali ikiwa hiyo, kumuuliza Quinn kwa nini hakungoja nafasi za Kimexico ni kumwonea.

Kipande cha kwanza cha shtaka kina uzito zaidi, wala sitakipuuza. Katika Lawrence of Arabia alikuwemo Omar Sharif, Mmisri, na aling'ara. Basi Waarabu walikuwepo, hawakutafutwa tu. Mwongozaji Moustapha Akkad aliipiga The Message mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, na katika ile ya Kiarabu Hamza ni mwigizaji wa Misri Abdallah Gaith, anayemtosha kabisa. Na Quinn kujifanya mtu wa Aktiki katika The Savage Innocents ya 1960, hapo sina la kumtetea.

Ila Gaith hakuwa na jina la kuuza tiketi London wala New York, na Akkad, Msiria mwenye nia ya kuifikisha hadithi ya Uislamu kwa wasioujua, alilijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana alimrudia Quinn kwa ajili ya Omar Mukhtar, aliyepambana na wakoloni wa Kiitaliano huko Libya, katika Lion of the Desert ya 1981. Italia iliipiga marufuku kwa madai kwamba inachafua heshima ya jeshi lake, na haikuonekana kwenye televisheni ya huko mpaka 2009. Sidhani Roma ingehangaika kiasi hicho kama Mukhtar angekuwa na sura ambayo hakuna Mwitaliano aliyeifahamu.