Mshipa wa moyo ukiziba Rombo: mtambo au sindano?

Zikizungumzwa huduma za moyo Kanda ya Kaskazini ya Tanzania, wengi wetu tunadai jambo moja: mtambo wa kuzibua mishipa ufanye kazi saa 24 Arusha na Moshi. Hoja hiyo ina uzito. Donge la damu likiziba mshipa unaolisha moyo, nyama ya moyo huanza kufa (ndio mshtuko wa moyo), na tiba bora ni daktari kupitisha mrija mwembamba mkononi au pajani, kuupanua mshipa kwa puto na kuacha stenti, kijibomba cha wavu kinachouweka wazi, ndani. Ikifanyika ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, ndiyo inayotangulizwa.

Lakini mtu wa Loliondo au Rombo, mbali na miji hiyo, atazipata wapi dakika hizo? Kwa mgonjwa kama huyo, ikiwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imeonyesha mshipa umeziba kabisa na hazijapita saa 12 tangu maumivu yaanze, miongozo ya tiba inataka dawa ya kuyeyusha donge, pale pale alipofikia. Mojawapo ya dawa hizo, tenekteplezi, ni sindano moja. Nyingine, streptokinezi, ni dripu ya hadi saa moja. Katika utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, streptokinezi pamoja na aspirini zilipunguza vifo vya wiki tano za mwanzo kwa takriban asilimia 40. Aspirini, kidonge cha duka lolote la dawa!

Wanaoihofia sindano hawakosei. Takriban mgonjwa 1 kati ya 100 huvuja damu kwenye ubongo, na aliyepata kiharusi karibuni hapewi kabisa. Mishipa mingine haifunguki, na hapo mtambo unahitajika haraka. Kwa hiyo sisemi tuuache.

Kinachoniuma ni kwamba tunagombania hatua ya mwisho ilhali ya kwanza haijakaa sawa. Utafiti wa mwaka 2019 katika idara ya dharura huku kaskazini ulikuta wagonjwa 152 wa mshtuko wa moyo. Waliopewa aspirini pale hawakufika robo. Dawa ya kuyeyusha donge hakupewa hata mmoja. Ndani ya siku 30, zaidi ya asilimia 40 walikuwa wamefariki. Mtambo wa mabilioni utamfaa nini mtu aliyeambiwa ana gesi, akarudi nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo?

Mimi ningeanzia hospitali za wilaya: mashine ya ECG yenye karatasi, muuguzi mwenye ruhusa ya kupima ndani ya dakika 10 bila kumsubiri daktari, dozi chache za dawa zinazofuatiliwa zisiishe muda kabatini, na daktari bingwa wa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, wa kutumiwa picha ya kipimo kwa WhatsApp, hata saa nane usiku.