Nani Mwenye Shengena?

Mlima Shengena uko kwetu Upareni, juu ya kijiji cha Chome, wilaya ya Same. Asubuhi za mwezi wa sita huuoni kwa ukungu. Shengena mwingine uko Nairobi. Huo una magurudumu 28 na uzito wa tani zipatazo 250, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza ni mali ya nani.

Nazungumzia kichwa cha treni ya mvuke namba 5930, kilichopo Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ni kimoja kati ya vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyotengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa kwetu huku. Hakuna reli yoyote duniani yenye upana wa mita moja iliyowahi kuwa na kichwa cha mvuke kizito na chenye nguvu kuliko hivi. Boila imekaa katikati, na mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu zinazojipinda kila moja kivyake, ndiyo maana kiliweza kupita kwenye kona kali huku kikikokota tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi. Babu yangu aliviita "Gareti".

Babu alikuwa fayamani, yaani mtunza moto wa kichwa cha treni. Watu wengi wakisikia neno hilo wanafikiria koleo na makaa, lakini Gareti ilikula mafuta mazito, na kazi ya fayamani ilikuwa kuyachunga mafuta, mvuke na maji visipishane. Alipenda kutusimulia habari ya mchanga. Masizi yakijaa ndani ya mabomba ya boila, joto halifiki kwenye maji vizuri na nguvu inapungua. Basi unachota mchanga mkavu kidogo kwa upawa, unaumwaga kwenye kitundu cha mlango wa tanuru wakati kichwa kinavuta kwa nguvu, na mvuto wenyewe unaunyakua mchanga na kuupitisha kwenye mabomba ukiyasugua. Huko juu unatoka moshi mweusi mzito, kisha mweupe. "Inapiga chafya," alikuwa akisema, na mkono wake ulikuwa ukirudia ule mwendo wa kumwaga hata alipokuwa amekaa kibarazani na macho yamekwisha.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa, alirudi nyumbani na sanduku moja la bati. Ndani mlikuwa na nguo, cheti cha kazi na daftari lenye namba za vichwa alivyovifanyia kazi na tarehe zake. Namba 5930 imo mara kumi na moja.

Jambo lililonisukuma kuandika halikutokea Nairobi. Lilitokea kwenye stesheni moja ya njia yetu ya Tanga kwenda Moshi. Nyuma ya karakana palikuwa na kichwa kidogo cha mvuke cha kupanga mabehewa. Nilikifahamu tangu nikiwa mtoto, kwa sababu tulikuwa tukipanda juu yake kula maembe. Siku moja nikapita nikakuta majani yaliyoungua, vipande vya bati na madoa meusi ardhini. Kimekatwa kwa gesi, kimepakiwa kwenye lori, kimekwenda kwenye vyuma chakavu. Nikamwuliza mlinzi, "Shikamoo mzee. Nani amekiuza?" Akaitikia, akasema, "Mwenyewe." Nikauliza mwenyewe ni nani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hilo ndilo hata sisi hatukuambiwa."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kile kichwa bila shaka kilikuwa kwenye daftari fulani, lakini kwenye daftari la mali chakavu za shirika, mstari mmoja na viti vibovu na mapipa matupu. Hakuna mtu aliyekuwa amekiandika kama urithi.

Ndiyo maana nilipokwenda Nairobi mwaka juzi kwa shangazi, siku ya pili tu nilikuwa getini pa makumbusho. Shengena ipo. Rangi yake ni ile ya damu ya mzee waliyoizoea kina babu. Nilipanda kwenye kibanda cha dereva, nikatafuta ule mlango wa tanuru, nikaukuta, na kitundu chake nikakiona. Nikaweka kidole. Mzee mmoja aliyekuwa akiwatembeza wanafunzi akanitazama, nikamwambia babu yangu alisimama hapa. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Same. Akacheka kwa furaha: "Kumbe mlima ni wenu!" Hatua chache kutoka hapo ipo Mount Gelai, namba 5918, nayo ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Ipo Nyaturu, namba 3020, iliyopewa jina la watu wa Singida. Ipo Bavuma, namba 3123, jina la watu wa visiwa vya Buvuma, Uganda. Ukitembea pale kwa nusu saa unasoma majina ya nchi tatu, na nchi moja ndiyo yenye ufunguo wa geti.

Sisemi hivyo kwa kulalamikia Kenya. Bila wale waliokaa na ufunguo, leo Shengena ingekuwa nondo za ghorofa la mtu. Gelai walikwenda mbali zaidi, wakaifufua ikavuta treni za watalii miaka ya 2000, na anayejua boila anajua hiyo si kazi ya kupaka rangi. Kiwanda kilichotengeneza vichwa hivi kilifungwa mwaka 1966. Hakuna duka la vipuri, kila kitu unakichonga mwenyewe. Nawavulia kofia mafundi hao.

Lakini tukumbuke historia. Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1971 na shirika la reli la pamoja, kwa fedha za pamoja, wakati Mganda, Mkenya na Mtanzania walikuwa wanapokea mshahara kwenye dirisha moja. Jumuiya ilipokufa, ilichukua miaka kugawana mirathi. Mpatanishi alikuwa Mswisi, Victor Umbricht, na mkataba ulitiwa saini Arusha mwezi wa tano mwaka 1984. Kenya ilihesabiwa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Ulikuwa mgawanyo wa madeni na mali, na kwa hesabu hiyo kichwa cha treni ni tani kadhaa za chuma zenye thamani fulani. Jina lililo ubavuni mwake halina safu kwenye hesabu za namna hiyo.

Kiswahili chetu kina neno ambalo nadhani linatatua jambo hili kuliko neno "umiliki", nalo ni amana. Mtu akikuwekea amana, kitu kiko mkononi mwako, unakilinda, unaweza hata kukitumia kwa ruhusa, ila huwezi kukiuza wala kukiweka rehani, na ukiulizwa unatakiwa ujibu. Hivyo ndivyo ninavyotaka vichwa vile vishikwe. Kenya iwe mwenye kuwekewa amana, na iandikwe hivyo.

Kwa nini iandikwe? Kwa sababu sheria zetu zimeviacha nje. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inakitambua kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Yaani hakuna hata kichwa kimoja cha treni, hata kile cha kwanza kabisa kilichoshushwa bandarini, kinacholindwa na kipengele hicho. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1946 umetajwa kwenye sheria hiyo kwa jina lake, na ni haki yake, milango ya Lamu ni ya kulindwa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inarudi nyuma hadi 1863, na yenyewe pia imeikumbuka milango ya nakshi. Injini hazimo. Zote mbili, hata hivyo, zinampa waziri uwezo wa kutangaza kitu kuwa kinalindwa hata kama ni cha juzi. Ni saini moja na tangazo kwenye gazeti la serikali. Sioni sababu ya kusubiri.

Na haraka ipo. Uendeshaji wa reli za Kenya na Uganda ulikabidhiwa kampuni binafsi mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25, ukavunjwa mwaka 2017. Mwaka huohuo treni ya reli mpya ikaanza kukimbia Mombasa hadi Nairobi. Sasa kuna mpango wa mji mpya wa reli kwenye ekari 425 kuzunguka stesheni kuu ya Nairobi. Sipingi mji mpya, stesheni ile imezidiwa. Ila kila mali inapobadilisha mikono, watu huingia na daftari jipya, na kitu kisichokuwa na hati yake huandikwa kwa namna inayomfaa anayeandika. Ardhi ya katikati ya Nairobi ina thamani kubwa, na Shengena peke yake inakalia zaidi ya mita 30 za ardhi hiyo.

Kuna wanaosema wauziwe matajiri, hao ndio wenye fedha za kutunza. Waingereza walijaribu. Mwaka 1963 kichwa chao mashuhuri kuliko vyote, Flying Scotsman, kiliuzwa kwa mtu binafsi kwa pauni 3,000. Aliyekinunua alikipenda kwa dhati, wala simlaumu. Mwaka 1969 akakipeleka Marekani, mwaka 1972 akafilisika, kikabaki ng'ambo na madeni mpaka tajiri mwingine alipokikomboa. Kikapita mikononi mwa wengine, na mwaka 2004 makumbusho ya taifa yakakinunua kwa pauni milioni 2.3. Taifa likalipa mamilioni kwa kitu lililokiuza kwa elfu tatu. Na hiyo ni nchi yenye matajiri wanaopenda treni kuliko sisi.

Wapo pia, hasa vijana wa kwetu, wanaotaka Shengena irudishwe Tanzania. Nilikuwa mmoja wao. Nilipokuwa nimesimama kwenye kile kibanda nikabadili mawazo. Ingekuja kukaa wapi, na nani kwetu leo anajua kuifungua vali zake? Nairobi kuna mafundi waliorithishana kazi. Ikae huko. Ninachodai ni hati inayosema ipo huko kwa niaba ya nani, na nafasi ya vijana wa Tabora na Jinja kwenda kujifunza kwa hao mafundi kabla hawajastaafu. Amana ya kichwa cha mvuke bila fundi wa boila ni kulinda sanamu.

Na yapo mambo ambayo hayahitaji waziri. Kichwa kinachosimama nje huliwa na maji kuanzia juu. Mvua inaingia kwenye bomba la moshi, inajichanganya na masizi yaliyobaki na kuwa kama tindikali, inatuama chini na kula chuma kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa. Kifuniko cha bati juu ya bomba, kilichofungwa waya, ni kazi ya asubuhi moja. Ningependa makumbusho yoyote yenye kichwa cha mvuke, ya Afrika Mashariki yote, yaanzie hapo.

Bibi bado yuko Chome. Nilimwonyesha picha ya bamba la jina kwenye simu, akaisogeza karibu na uso, akasoma herufi kwa herufi, kisha akaenda chumbani kuleta lile daftari. Amekubali nilipeleke Nairobi likae karibu na kichwa chenyewe, kwa sharti moja: nirudi na karatasi yenye muhuri inayosema limepokelewa na nani, na kwamba ni la kwake.